Tumbo Alilolishangilia Mama Mkwe

Tulifika Rusinga, kwao mume wangu, kabla ya saa sita mchana, mimi, mume wangu na binti yetu wa pekee. Nilishuka kwenye gari nikiwa nimechoka, nikasimama langoni kupumzisha mgongo: mikono kiunoni, mabega nyuma, tumbo mbele. Ndivyo nilivyozoea kusimama. Nauza mitumba sokoni Migori, na kutwa huwa nimejikunja kwenye kigoda nikichambua nguo. Nikiinuka, mgongo wenyewe hudai kupindwa upande wa pili.

Mama mkwe alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwani. Aliponiona aliacha kila kitu.

"Nyasaye ber!" alipaza sauti. Mungu ni mwema. "Nyathina, mwanangu, mbona hamkuniambia?"

Mimi ni Mkuria, yeye ni Mjaluo, na tunaelewana kwa Kiswahili chetu cha kuungaunga. Sikuelewa mara moja. Nilielewa alipoweka viganja viwili tumboni mwangu na kufumba macho, akaanza kuomba.

Nilimtazama mume wangu. Akainamisha kichwa, akajifanya anashusha mizigo.

Ningesema hapo hapo. Lakini mama alikuwa ameomba mjukuu wa pili kwa miaka mingi, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. Kabla sijapata maneno, wanawake wa jirani walikuwa wamekuja, mmoja akanipokonya mkoba nisiubebe, na kuku alikuwa amekwisha kamatwa. Nikakalishwa kwenye kochi. Nikaletewa mto.

"Ni ya miezi mingapi?" shangazi wa mume wangu aliuliza.

"Hakuna mtoto," nikasema. "Ni tumbo tu."

Shangazi akacheka, na wengine wakacheka kwa kumfuata, isipokuwa mama mkwe. Yeye alitoka nje. Kuku alipikwa hata hivyo, na tukamla. Kila nilipomeza nilihisi macho yao yakifuata kipande hadi tumboni.

Niliporudi Migori nilinunua mkanda wa kubana tumbo. Niliuvaa hata sokoni, chini ya gauni, hadi siku moja niliinama kumwonyesha mteja sketi, nikaona giza. Niliamka nimelala juu ya nguo zangu mwenyewe, na mwenye kibanda cha pili akiwa amenifungua zipu, mkanda wote nje, watu wamesimama wanatazama.

Dada yangu anaishi Homa Bay. Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali ya huko, kwa mwanamke anayeshughulika na mazoezi ya viungo. Alinisimamisha ubavu mbele ya kioo. Sikuwa nimejitazama hivyo tangu nijifungue.

"Legeza magoti," alisema. "Shusha mbavu. Kiuno usikitupe nyuma. Sasa vuta kitovu ndani kidogo, lakini endelea kupumua."

Tumbo lilirudi nyuma. Si lote, ila lilirudi. Nilishtuka.

"Kwa hiyo si mafuta?"

"Mafuta yapo, mama, sitakudanganya. Kusimama vizuri hakuyeyushi mafuta. Hayo ni kazi ya chakula na kutembea. Lakini mgongo wako umeingia ndani sana, unalisukuma tumbo nje. Na misuli ya mbele ililegea wakati wa mimba, haijakaza tena." Akachukua kalamu. "Mimba ngapi?"

Nikamwambia tatu. Mtoto mmoja.

Alinipa taulo nifute uso, akanifundisha mazoezi ya kulala chali. Nyumbani niliyafanya mlango ukiwa umefungwa, binti yangu asinione. Sokoni nilitafuta meza ya kunifika kiunoni nichambulie nguo nikiwa nimesimama. Maumivu ya mgongo yalipungua kwanza. Tumbo lilipungua kidogo tu, na bado wateja huniuliza kama natarajia mtoto. Bado uso hunichoma.

Tulirudi Rusinga kwa matanga ya jirani. Nilivaa gauni pana na kukaa nyuma ya wengine. Jioni mama mkwe aliniita jikoni, tukabaki wawili.

"Siku ile nilikuaibisha," alisema, akikoroga ugali bila kunitazama. "Nilikuwa nimeomba sana, nikaona nilichotaka kuona."

"Mama, walikuwepo," nikasema. "Wawili. Hawakukaa. Sikujua nitakuambiaje."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Mkono wake mmoja uliinuka kidogo kuja kwangu, kisha akaushusha, kana kwamba mwili wangu sasa ulihitaji ruhusa.

"Mwanangu anajua?"

"Anajua."

"Na mimi nikaita majirani," alisema kwa sauti ya chini.

Akaketi kwenye kigoda, akajifunika uso kwa leso. Nami sikujua pa kuiweka mikono yangu. Ugali ulianza kuungua, ikabidi niinuke niuepue.