Kona Ambayo Yves Hakuipita

Kuna mwanaume mzima alikuwa anakuja kwenye chumba changu cha michezo kila asubuhi, anagonga gari mahali palepale, anaondoka bila kuaga.

Ilikuwa 2009, hapa Bunia, mtaa wa Shari. Bunduki zilikuwa zimenyamaza. Midomo bado.

Michezo ya zamani ya magari ilikuwa ya uongo. Unagonga ukuta, gari linadunda, linaendelea na mbio.

Kisha nikaleta kompyuta yenye usukani na pedali. Huko gari lina uzito. Matope yanateleza. Ukikosea, usukani unakupiga mikono.

Yule mwanaume, Yves, alitaka mchezo huo tu.

"Utanivunjia machine," nikamwambia.

"Weye umetoka Butembo juzi. Nyamaza."

Nilimchukia, sifichi.

Majirani ndio walionieleza. Yves alipinduka na pick-up barabara ya Boga, mvua ikinyesha, kwenye kona ya mteremko. Bibi yake wa ndoa, Emerance, akafa palepale. Kaka ya marehemu, Dominique, dereva wa lori, akasema mbele ya watu wa matanga kwamba Yves alimuua makusudi. Akachukua watoto wao wawili.

Siku moja Yves akaja na Dominique.

"Ikala hapo, shemeji. Hii kona iko sawa na ile. Ukiipita, watoto wabaki kwako. Ukigonga, unanirudishia."

Dominique akakaa.

Akapita. Mara tatu, bila hata kukwaruza.

Yves akatoka nje. Wiki ileile akahama Bunia, peke yake.

Sasa sikilizeni.

Asubuhi ile, kwa kuchoka na Yves kunigongea vitu, nilikuwa nimewasha msaada wa breki ndani ya mchezo. Ukiuwasha, gari halitelezi tena. Hata mutoto anapita.

Nilisimama pale, nikaona yote, nikanyamaza.

Miezi miwili ikapita ndipo nikaenda kwa Dominique, mtaa wa Ngezi, kumwambia.

Hakushtuka.

"Nilijua," akasema. "Niko naendesha matope miaka kumi na tano. Breki haishikake vile."

"Na ukanyamaza?"

"Na weye?"

Nikageuka, nikatoka.

Wandugu, mtu akitafuta ukweli, hata kama humpendi, usimzibie njia. Mimi nilimzibia kwa kidole kimoja.

Yves, kama unasoma hapa: nilizima ule msaada. Nimekalisha madereva kumi na moja kwenye kona ile ya mchezo, na mvua.

Wote walipinduka.

Rudi uchukue watoto wako. Nitasema haya mbele ya yeyote.