Mwenye Neno na Aseme

Kazini kwangu Shimanzi hujibu barua pepe kutwa nzima, wala sioni taabu. Ofisi yetu ni ya malori. Mteja huandika kutoka Kampala akitutukana kwa sababu kontena lake limelala uwanjani, nami humjibu huku nikitafuna muhogo wa kukaanga: tumepokea ujumbe wako, lori litaondoka kesho, samahani kwa usumbufu. Matusi hayo si yangu, na samahani hiyo si yangu pia. Naibonyeza iende zake.

Ya binamu yangu ndiyo iliyonishinda.

Binamu huyu ni mtoto wa ami yangu, mkubwa kwangu kwa umri, na yuko Uingereza tangu ujana wake. Nyumba ya Kibokoni tuliyokuwa tukikaa, mimi na mamangu, aliiacha babu, na wenye mafungu ndani yake wametapakaa dunia nzima. Zamani tulimwandikia binamu uwakili ashughulikie mambo ya nyumba kwa niaba ya wote, maana yeye ndiye msomi, na sisi tulidhani usomi ni huruma. Sasa akaandika kwamba mnunuzi amepatikana, mtu wa hoteli, na wengi wameafiki. "Mwenye neno na aseme kabla ya Idi," ndivyo alivyomaliza. Nakala zilikwenda kwa jamaa wote, na kwa mwanasheria pia.

Nilimsomea mamangu siku ileile. Macho yake yameingia ukungu miaka kadhaa sasa. Hatembei kwa kuona, hutembea kwa mikono. Katika nyumba ile alikuwa akishika ukuta wa ukumbini, akapanda ngazi taratibu mpaka darini juu kumwagilia makopo yake ya asumini, na mgeni asingejua kwamba haoni. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwambie mimi sitoki," akasema. "Hizi kuta ndizo mato yangu. Huko kwengine takwenda kukaa kitako tu ningoje kufa. Mwandikie vivyo hivyo, usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Basi nikaketi kuandika. Nikaanza kwa salamu, kwani kwetu hakuna anayemrukia mkubwa wake kwa hapana kabla ya kumjulia hali. Nikauliza afya yake, ya mkewe, ya watoto, na baridi ya huko. Nikampa pole ya mkwewe aliyekuwa mgonjwa. Nilipofika pale pa kusema mama hataki, vidole vikafa ganzi. Niliwaona wote wakisoma: mashangazi wa Maskati, vijana nisiowajua, yule mwanasheria na miwani yake, ingawa sijawahi kumwona na sijui kama anavaa miwani. Nikawasikia wakiulizana, nani huyu, mtalaka mwenye kijifungu kama ukucha, anayetuzuia? Nikafuta yote. Kisha nikairudisha ile barua ionekane kama haijafunguliwa, na jina la binamu likakoza wino tena, nikajidanganya kwamba sijaisoma.

Siku zilivyopita ikawa ngumu zaidi. Kabla ya neno lenyewe ilibidi sasa nitangulize kuomba radhi kwa kuchelewa, na kila nilipozidi kuchelewa radhi ilizidi kurefuka. Binamu akakumbusha mara moja, kwa upole. Nilikuwa jikoni jina lake lilipotokea kwenye simu. Nikaifunika simu kwa kawa, kama chakula. Ramadhani ikaingia. Mamangu alikuwa akiuliza baada ya alasiri, mimi nikikuna nazi, naye akikanda unga.

"Ushamwandikia?"

"Namalizia, mama."

"Yanamalizwaje hayo? Si maneno mawili tu?"

Akacheka, akaendelea kukanda. Aliniamini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Idi ikapita. Haukupita muda wakaja watu wawili na utepe wa kupimia, wakapima ukumbi huku mamangu amekaa palepale, wakamruka miguu. "Wapima nini hawa?" akaniuliza. Nikatoka barazani, nikampigia binamu. Naam, simu niliiweza. Maji yalikuwa yashamwagika.

Hakukasirika. Laiti angekasirika. "Dadangu, mimi niliwangoja," akasema. "Kila mtu alijibu ila wewe. Ukanyamaza, tukajua mumeridhia. Si ndiyo ada yetu?"

Ndiyo ada yetu. Nilipoozwa, baba alikuwa ameshafariki, kwa hivyo ami, baba yake huyu binamu, ndiye aliyekuja kuniuliza, na mashahidi wakingoja upande wa pili wa pazia. Aliniuliza kama namtaka yule mtu. Sikumtaka. Hapana ilikuwa mdomoni, vidole vimekufa ganzi vilevile, nikainamisha kichwa. Ami akasubiri kidogo, akawaambia wenziwe, "Kimya chake ni idhini," na vigelegele vikapasuka kabla sijavuta pumzi. Ndoa yenyewe ilivunjika na sina haja ya kuieleza. Ila jamaa zangu walijifunza siku ile namna ya kunisoma, na sijawapa sababu ya kubadilisha.

Nilimwambia binamu kwamba mama hataki. Akasema ningelisema mapema. Saini zimekwisha kutiwa. Alikuwa na haki, na nilimchukia kwa hilo.

Sasa tumepanga Tudor, orofa ya tatu. Kuta ni laini, zote sawa, hazimwambii mamangu kitu. Siku za mwanzo alijaribu kwenda chooni peke yake, akagonga paji la uso kwenye kabati. Tangu hapo huketi kitandani mpaka nirudi kazini. Jamaa huandika kuuliza hali yake, na siwajibu.

Ijumaa moja, nikimchana nywele, nilimwambia yote. Hakuwa akijua. Muda wote huo alidhani neno lake lilifika na binamu akalipuuza, na alikuwa akimwapiza mtu asiyelisikia. Nikamwambia kwamba sikuandika, kwamba yale maneno mawili yalinishinda.

"Utanisamehe, mama?"

Alinyamaza. Nikasubiri, chanuo mkononi, kama ami alivyosubiri. Hakugeuza kichwa wala hakusema kitu, nami nikaendelea kuchana. Ami angetoka nje akawaambia watu amekubali. Lakini mimi nimewahi kukaa nyuma ya pazia lile, na najua neno lililokuwa mdomoni ni lipi.