Mbuzi Niliyemtoa kwa Jina la Leta

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya bourse pale Bunia, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilisimama mara nyingi kuliko nilivyokaa. Nilifungua kabati, nikalifunga, nikaenda dirishani kuangalia kama ndege imetua, nikarudi. Chef de bureau, yaani mkuu wa ofisi, mtu mnene mwenye sauti ndogo, alinivumilia hadi saa sita.

"Citoyen," yaani mwananchi, kama tulivyoitana siku hizo, akaniuliza, "kiti yako iko na miiba?"

Nilimwambia hapana. Ukweli ni kwamba sijawahi kutulia maishani, na hata kurasa hizi naziandika vipande vipande, kwa kuwa kila baada ya mistari michache miguu inanipeleka mlangoni.

Ninyi vijana mnaouliza zamani tulilipiaje masomo ya juu, njia zilikuwa tatu. Kulikuwa na prêt, yaani mkopo: mwajiri alimkopesha mzazi, hasa kule Nizi kwenye machimbo ya dhahabu, kisha akamkata mshahara kila mwezi. Kulikuwa na msaada wa parokia, ambao ulitegemea padri anakujua kwa wema au kwa ubaya. Na kulikuwa na bourse, pesa ya serikali isiyorudishwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilikusanya dossier ya kila mwanafunzi, yaani diploma, cheti cha kuzaliwa, picha mbili na ile karatasi iliyoitwa engagement, ambayo mzazi aliahidi ndani yake kwamba mtoto akimaliza atafundisha miaka mitano popote atakapotumwa. Nilipiga mhuri, nikatuma Kisangani.

"Siye hatutoe feza," Chef alinifundisha. "Tunatuma karatasi. Karatasi ikifika, feza itakuya."

Nilizipenda dossier mpya. Nilizikimbilia. Mwanafunzi akishaondoka, dossier yake haikunisisimua tena.

Baada ya Chef huyo tuliletewa Inspecteur, mtu mkavu, msafi, aliyevaa abakosi, ile suti ya Zaire isiyo na tai, iliyopigwa pasi hata mikononi. Alisoma orodha yetu akakunja uso. "Kila mwaka banaume tu. Unitafutie mwanamuke moja."

Alikuwapo mmoja. Aliitwa Afoyo, wa upande wa Mahagi, wa kwanza katika shule yake. Dossier ilikamilika isipokuwa engagement, maana baba yake alikataa kuitia kidole. Mfuko wa barua ulikuwa uondoke Jumamosi. Jumatano nikapanda lori.

Baba yake, muzee Ukelo, alikuwa mkulima wa kahawa asiyejua kusoma, lakini Afoyo alikuwa amemsomea karatasi ile mara nyingi hadi akaijua kwa moyo.

"Miaka tano atakuwa mutu ya Leta?" akauliza. Leta ndiyo serikali, kwa maneno yetu ya kila siku.

"Ndiyo, baba. Atafundisha."

"Na bale benye kukuya kumuposa nitabaambia nini? Kama Leta inamutaka, ikuye sawa vile batu bengine banakuya. Ikae hapa, iseme."

Nilicheka. Yeye hakucheka, na Afoyo, aliyesimama mlangoni, alikuwa ameshika mikono yake kwa nguvu. Hapo nikaelewa kwamba msichana huyu hatakwenda popote nisipofanya jambo.

Kesho yake nikanunua mbuzi na jembe sokoni, nikarudi pamoja na dereva wa lori awe msemaji wangu, kwa sababu kwao anayeposa hajisemei. Dereva alisema vizuri mno. Ukimsikiliza ungedhani Leta ni kijana wa ukoo mzuri, mwenye mashamba na asiyelewa. Mashangazi wakapiga vigelegele. Muzee akabonyeza kidole gumba kwenye engagement, kisha akanishika mkono, hakuuachia.

"Sasa najua mutu ya kuuliza," akasema.

Mimi nilikuwa nasikiliza injini ya lori.

Mwaka wa kwanza bourse ya Afoyo ilifika. Mwaka wa pili haikufika, si yake tu, na miezi ikapita. Wazazi walikuja ofisini nikawapa wote jibu moja: karatasi ziko Kisangani, mungoje. Walinishukuru, wakaenda. Muzee Ukelo hakuja ofisini. Alikuja nyumbani kwangu.

Nilimkuta amekaa sebuleni, mke wangu amempa chai. "Mutoto iko na njaa," akasema. "Anakula mara moja kwa siku. Bamemuambia feza isipofika mwisho wa mwezi wa kesho, atoke."

"Baba, hiyo ni mambo ya Leta."

"Leta sikuiona. Niliona weye na mbuzi."

"Mbuzi gani?" mke wangu akauliza. Sikuwa nimemwambia kwamba niliiposea serikali mke.

Alikaa kwetu siku nne. Kila asubuhi tulitembea pamoja hadi ofisini, akaketi kwenye benchi karibu na meza yangu mpaka tunafunga. Hakulalamika. Aliangalia mikono yangu tu, nami nikawa nafungua mafaili bila sababu ili mikono ionekane inafanya kazi. Niliona aibu, na nilimkasirikia kwa aibu hiyo. Siku ya nne Inspecteur akauliza huyu mzee ni nani.

"Ni mukwe wangu, Citoyen Inspecteur."

"Basi umusaidie mukwe yako," akasema, akanipa ruhusa ya kusafiri na mhuri wa ofisi mfukoni.

Njia ya Kisangani ilikuwa matope matupu. Tulikwama kabla ya Epulu, tukakwama tena Niania, na mara kadhaa niliteremka nikatembea mbele ya lori, kana kwamba ningefika kabla yake. Begani nilikuwa na maharagwe ambayo muzee alimtumia binti yake.

Karani wa Kisangani alikuwa wa umri wangu, mpole. Alifungua daftari. "Citoyen, siye tuliwatumia fomu za renouvellement. Mwaka jana, na tena mwaka huu. Hamukurudisha."

Renouvellement ni fomu ya kuthibitisha kwamba mwanafunzi amefaulu na anaendelea. Bila mhuri wa ofisi yetu, malipo yanasimama. Nilijua palepale zilipo. Zilikuwa kwenye kabati langu, chini, ndani ya bahasha ya kahawia, zikingoja siku nitakayotulia.

Niliomba nakala, nikagonga mhuri zote papo hapo. Majina yalikuwa kumi na manne. Sita yalikuwa yamepigwa mstari. "Bale bamekwisha kuacha masomo," karani akasema.

Jina la Afoyo halikuwa na mstari. Nilimpelekea maharagwe. Alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa. Nilimweleza jinsi baba yake alivyonijia nyumbani; akauliza alikaa kwangu siku ngapi, nikamwambia nne.

"Angekaa mwezi muzima," akasema, akacheka kidogo.

Niliporudi nilikwenda Mahagi kwanza. Ningeweza kuwalaumu watu wa Kisangani, na muzee angeamini. Nilimwambia kosa ni langu, nikamweleza bahasha, kabati, majina yote.

"Atamaliza?"

"Atamaliza, baba." Na kweli alimaliza, akafundisha miaka yake mitano na mingine mingi juu yake.

"Na bale sita, ulifika kwa baba yao?"

"Hapana."

"Utafika lini?"

Nilistaafu mwishoni mwa miaka ya themanini. Walinipa karatasi nzuri, na mkubwa wetu wa mwisho akanisifu kuwa mtu asiyejua kukaa. Watu walipiga makofi. Ninyi mnaoingia kazi za ofisi, chungeni dossier za zamani. Mpya zina watu wa kuzipenda.

Kati ya wale sita, nimefika kwa wanne. Baba mmoja alinifukuza hadi barabarani. Mwingine alinisikiliza hadi mwisho, akamwita mkewe aniletee chakula, na hicho kilikuwa kigumu zaidi kumeza. Familia ya tano ilihamia kwenye dhahabu, bado naiulizia. Ya sita iko hapa hapa Bunia. Nyumba naijua. Mwaka huu nimepita mbele yake mara tatu.