Afisa wa Hewa Safi
Afisa wa mazingira wa mkoa ana sauti laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale, na hilo ndilo linalompandisha hasira fundi cherehani wa mtaa ulio nyuma ya kiwanda cha saruji. Kila mkutano huwa vilevile: afisa hupangusa kiti kwa leso kabla ya kukaa, humwita kila mwanamke "mama yangu", kisha husoma mpango wa serikali wa kudumisha viwango vya hewa safi, akigonga meza taratibu kila anapofika kwenye neno "kudumisha". Safari hii fundi hakungoja amalize.

"Kile kipima hewa cha mtaani kwetu mmekipeleka wapi?"

"Mama yangu, tumekihamishia bustanini, kule kilimani. Ni sehemu ya mpango. Na tangu kihame, mkoa mzima uko ndani ya kiwango."

"Na mwanangu anayekohoa mpaka anatapika, naye nimhamishie bustanini?"

Watu waliangua kicheko, ila fundi hakuwa na mzaha. Afisa akaanza kumweleza kwa upole uleule. Mara upepo ukageuka, vumbi la kiwanda likaingia ukumbini. Afisa akainuka huku akiendelea kueleza, akaenda kufunga dirisha.

"Liache wazi!" fundi akasema. "Si umesema hewa ni safi?"

Mkono wa afisa ulisita kwenye komeo. Kisha akalifunga, akayafunga na mengine yote, akarudi kitini na kuendelea kusoma.