Kuku Waliomjua Mchungaji

Nafundisha baiolojia Makambako. Kila nikifika kwenye ndege wa visiwani nawaambia wanafunzi kwamba pasipo na paka wala nyoka, ndege hasumbuki kuogopa. Vizazi vinapita, mabawa yanadumaa, mwisho anamfuata baharia hadi miguuni. Wakiniuliza niliwaona wapi, nawajibu bila aibu kwamba ni kwa mama yangu, kijijini Yakobi.

Kwa mama, mchungaji hali maharage. Akija anachinjwa kuku, basi. Wazembe wote waliliwa zamani. Waliobaki na kuzaana ni wale ambao wakisikia tu pikipiki yake, hawaonekani. Hayo ni mageuzi, na mama ndiye aliyeyasimamia.

Mwaka jana mchungaji alihamishwa, akaja kuaga. "Akiondoka kwangu na maharage tumboni," mama alisema, "uso wangu nitauweka wapi kanisani?" Pikipiki ikasikika bondeni. Kuku wakatimka kwenda juu ya bati. Niliwakimbiza na viatu vyangu vya kazini hadi nikaanguka kifudifudi kwenye maboga. Nilikasirika mno.

"Si wewe uliyesomea ndege?" mama akaniuliza kutoka dirishani.

Alibaki mmoja chini: kuku mwekundu wa mayai niliyemletea kutoka Makambako, aliyekulia bandani, hajawahi kuona hata kicheche. Mama alikuwa akimdharau, eti mgonjwa. Sasa akaninong'oneza, "Mkamate huyo huyo," kisha akatoka kumlaki mgeni. "Kamwene, Baba Mchungaji."

Nilipoingia sebuleni na kisu nikimtafuta, kuku alishatangulia. Alikuwa amesinzia mapajani kwa mchungaji, naye anamkuna shingo taratibu.

"Miaka yote niliyokaa huku," alisema, "hakuna kuku aliyewahi kunisogelea."

Nikaficha kisu nyuma. Mama alinitazama kama mtu aliyeibiwa, kisha akaenda kupakua viazi na maharage. Mchungaji akaomba aongezewe. Alisema harufu ya maharage yale ilikuwa ikimtesa siku zote, ila aliona haya kuyaomba.

Mama akampa kuku yule awe zawadi, kwa mikono miwili, kichwa juu. Mchungaji akaondoka naye ndani ya koti.

Mlio wa pikipiki ulipopotea, wale wa juu ya bati walibaki wamenyoosha shingo. Mama akawamwagia pumba, akajifuta macho kwa kitenge.

"Shukeni," aliwaambia. "Harudi tena."