Rafu ya Wakili Etchart

Herminia Scarpati huuza vitabu vya mitumba kibanda cha pili kutoka changu, katika bustani ya Rivadavia, hapa Buenos Aires. Ukimkosea leo, atakusalimia mwaka mzima kama kawaida, atakuuliza na hali ya watoto, huku anasubiri siku yako. Nampendea hilo. Watu wanaosamehe haraka hunichosha.

Aliyemkosea ni wakili Etchart. Baba yake Herminia, mzee Amadeo, alikuwa mwoka mikate, na waoka mikate wa zamani wa jiji hili hawakutaka serikali wala tajiri. Hata maandazi yao waliyapa majina ya kuwakebehi mapadri na polisi. Mzee alitunza maktaba ya chama chao, chumba kimoja tu mtaa wa Yapeyú. Etchart akalinunua jengo, akabadilisha kufuli, na vitabu akavimwaga barabarani huku mvua inanyesha. Herminia aliviokota kwa mkokoteni wa muuza mboga. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja: mtu huyo amwombe baba yake radhi.

Mwaka jana, nani anatokea kibandani? Etchart mwenyewe, kanyoa, ananukia. Wala hakumtambua.

“Mama, nafungua ofisi ya chama chetu. Nataka rafu nzima ya vitabu vya kilibertario. Nichagulie wewe, mimi sina muda.”

“Vya soko huria, au vya wale wasiotaka serikali?”

“Si yale yale? Wote hatuitaki serikali.”

Hapo alijikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Babu zetu walimwita libertario mtu asiyetaka serikali wala mwenye nyumba. Hawa wa soko wamelichukua neno juzi tu, na mwenye nyumba wamembakiza. Muuza vitabu yeyote hapa analijua hilo, ndiyo maana huuliza. Herminia alishauliza.

“Kweli,” akasema kwa upole, “yale yale.”

Sijapata kumwona akichagua kitu kwa raha namna ile. Mbele alipanga vichache vya bei, kodi na sarafu, majalada yanang'aa. Nyuma yake akajaza vya maktaba ya mzee, vingine bado vimevimba kwa mvua.

“We dada, si vya baba yako hivyo?” nikamuuliza. “Unampaje adui?”

“Nampa nini? Narudisha vitabu kwao. Na usafiri analipa yeye.”

Maana ofisi yenyewe ilikuwa kile chumba cha Yapeyú.

Siku ya ufunguzi tulialikwa sote wawili. Etchart, glasi mkononi, akawataka wageni wachomoe kitabu chochote wasome mstari mmoja. Mama mmoja wa benki akachomoa kinene cha nyuma, akasoma kwa sauti ya kanisani kabla hajaelewa: “Anayemfukuza mpangaji ni mwizi mwenye hati.” Mtu akacheka. Mama akafunua ukurasa wa kwanza kutafuta mwandishi, akakuta muhuri, akausoma nao: Maktaba ya Waoka Mikate, mtaa wa Yapeyú.

“Si hapa hapa?” akauliza. “Wakili, vilitokaje humu hadi ukavinunua?”

Etchart alimgeukia Herminia, na safari hii alimtambua.

“Wewe ni binti wa yule mzee. Viondoe.”

“Soko huria, wakili. Umeshanunua, ni mali yako. Nikivigusa nitakuwa mwizi.”

Nilicheka mpaka mvinyo ukanimwagikia, na sioni haya kusema hivyo. Wageni waliaga mmoja mmoja, wakiangalia viatu vyao.

Tulikwenda moja kwa moja kwa mzee. Herminia akamsimulia yote, hata jinsi tai ilivyomkaba wakili shingoni. Mzee Amadeo alisikiliza bila kutabasamu.

“Aliomba radhi?”

“Hapana, baba.”

“Basi bado.”

Akasukuma sahani ya tambi. Mzee huyu hakuwa ametoka nje ya nyumba ile tangu alipofungiwa maktaba, hata siku ya kupiga kura.

“Niletee viatu,” akasema. “Nataka kwenda kuazima kitabu.”