Kamba za Majimoto

Shangazi, mtunza bustani wa shule, hajawahi kukubali kushindwa, hata kwenye karata. Kwa hiyo mwalimu mkuu alipomwambia kwamba michungwa yote ishirini itakatwa ikizaa vibaya tena msimu ule, aliitikia vizuri, akaenda nyuma ya stoo akalia, akanawa uso, akarudi kazini.

Adui alimjua: kunguni wa kijani, wanaofyonza machungwa machanga mpaka yanapukutika. Misimu mitatu alikuwa amewapulizia dawa. Dawa iliua kila kitu ila kunguni. Iliwamaliza hata majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, ambao yeye mwenyewe aliwalaani miaka yote kwa kumng'ata shingoni. Sasa akakumbuka kwamba matunda yalizidi kuanguka walipotoweka wao. Majuto ni mjukuu.

Akaenda porini, akakata viota viwili kutoka miti miwili tofauti, akavifunga kwenye mchungwa. Kesho yake chini kumetapakaa maiti. Wa kiota hiki walikuwa wamewakatakata wa kiota kile, mdudu yule yule, rangi ile ile.

"Umeweka wake wenza nyumba moja," mumewe akacheka.

Akarudi porini, akachukua viota saba vya mti mmoja, ukoo mmoja. Hao wakapapasana, wakatulia. Lakini kila walipoteremka kwenda mchungwa wa pili, sisimizi weusi wa ardhini waliwavamia kwa mamia. Basi Shangazi akafunga kamba tawi kwa tawi, mti kwa mti, wapite juu kwa juu. Walimu wakamuuliza anaanika nguo za nani.

Msimu ulipofika, mwalimu mkuu alikuja na fundi wa msumeno. Wakakuta matawi yameinama kwa uzito, mengine yameegemezwa kwa miti ya panda, na juu ya kamba majimoto wanamburura kunguni kama wapagazi. Mwalimu mkuu akanyoosha mkono achume, akang'atwa, akaruka.

"Hawakujui, Mwalimu," Shangazi akasema, furaha imemjaa. "Ngoja nikuchumie."

"Kwani wewe hawakung'ati?"

"Wananing'ata kila siku. Na waendelee!"

Fundi alikuwa ameshalaza msumeno kwenye nyasi.

"Shangazi," akauliza, "huna mfuko mkubwa kidogo?"